Mshenga Aliyetafsiri Picha za Krismasi

Mshenga hakuzipenda picha za Krismasi, na ndiye aliyetutafsiria zote. Alikaa kwenye kiti cha mbao pembeni ya televisheni, ndani ya banda la video lililokuwa ubavuni mwa nyumba yetu pale Tunduma, koti limefungwa vifungo vyote, mwavuli katikati ya magoti. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo: "Huyu dada ametoka mjini. Ana haraka. Hajaolewa. Mtaona." Na sisi tukaona. Yeye mara nyingi alikuwa amefumba macho.

Video haikuwa kazi yake hasa. Kazi yake ilikuwa kupeleka posa. Kijana akitaka kuoa, iwe Tunduma, Nanyala au huko juu milimani Itumba, alitumwa yeye, na mtaa mzima tulimwita Mshenga mpaka jina lake la ubatizo likabaki kanisani. Mwenye banda alimhitaji Desemba tu, kwa sababu alijua Kiingereza alichokiokota ujanani katika kazi za majumbani upande wa Zambia. Miezi mingine banda lilionyesha picha za ngumi, na ngumi hazihitaji mkalimani.

Jambo lililomkosesha raha tulilijua wote. Mke wake alikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwenye nyumba ya mama yake, na hakutaka kurudi. Mshenga aliyejaza wake katika nyumba za watu, ya kwake ilikuwa na kuku na yeye. Kinyozi hajinyoi, watu walisema, na walisema hata akiwa anasikia. Alichotaka duniani ni mama yule arudi, basi. Hakulificha, ila hakulisema pia, maana alikuwa mtu wa kusema ya wengine.

Mimi niliuza chai na maandazi mlangoni mwa banda, kwa hiyo picha nyingi nilizisikia kuliko kuziona. Sikupoteza kitu. Picha zenyewe zilikuwa moja. Kanda zilibadilika, nywele za yule dada zilibadilika rangi, lakini safari ilikuwa ileile: anatoka mjini na viatu vyake virefu, anarudi kijijini kwao kuuza duka la mikate aliloachiwa na bibi, anakutana na fundi seremala aliyefiwa na mke, mwenye mtoto mmoja anayeuliza maswali ya kikubwa. "Watagongana," Mshenga alitangaza mapema, na kweli waligongana, kahawa ikamwagika kwenye koti. Halafu wanapamba mti. Halafu nyuso zinasogeleana, banda zima linashika pumzi, na mtoto anafungua mlango. "Bado," Mshenga alisema bila huruma. "Hawa hawajafika kwa wazazi."

Kisha anakuja mchumba wa mjini na gari lake linalong'aa. Kisha dada anasikia nusu ya maneno nyuma ya mlango na kuondoka analia. Hapo Mshenga alipumua kwa uchovu, kwani hicho ndicho alichokutana nacho wiki nzima katika nyumba za watu. "Amesikia nusu," alituambia. "Angeuliza." Kisha theluji inaanguka, kengele zinalia, dada anarudi mbio, wanakumbatiana. Vijana walipiga miluzi, na Mshenga alikuwa ameshasimama kutafuta mlango.

Kitu kimoja hakukivumilia: watu wale kujiposea wenyewe. Kwa hiyo akawatafutia mshenga. Katika kila picha ya namna ile kuna mzee mwenye ndevu nyeupe anayecheka cheka na kujua mambo ya watu. Mzee huyo alipewa kazi na Mshenga. "Mzee huyu ametumwa na upande wa mwanaume," alieleza, na mama zetu waliokaa nyuma na watoto wao walitikisa vichwa, wakaridhika kwamba hata Wazungu wana utaratibu. Pakikosekana mzee wa ndevu alimchukua mpeleka barua. Siku moja picha haikuwa na mzee hata mmoja, akampa kazi hiyo mbwa, na hakuna aliyelalamika.

Krismasi yetu haikufanana na ile. Kwetu inakuja na mvua, tope linafika kwenye ndala, malori yamejipanga mpakani tangu juzi, na katikati ya sikukuu kuna palizi ya mahindi inayokusubiri. Unapika wali ukiwa na udongo kwenye kucha. Unamvalisha mtoto gauni jipya na kabla ya mahubiri kuisha limeshakuwa la zamani. Labda ndiyo sababu tulijaa bandani, tukakaa na miguu iliyolowa tukiangalia watu ambao hata wakianguka kwenye theluji wanainuka safi.

Mshenga mwenyewe hakupokea kazi ya posa mwezi huo. Alisema Desemba watu wamechoka na mvua, wanakubali chochote, na mtu akikubali Desemba umsubiri Machi akigeuka. Alikuwa na kanuni nyingi za namna hiyo. Alipotumwa, aliingia uwanjani na kusimama, akakohoa, akangoja. Hakuingia ndani ya nyumba. Alipewa kigoda akakaa pembeni, na maji hakunywa mpaka wenye nyumba waseme wamesikia. Hakusema fulani anampenda fulani. Alisema ametumwa, ameona boma lina kuku jike, na aliyemtuma anaomba kufuga. Ukijisemea mwenyewe, alituambia, unaomba. Ukisemewa unaheshimiwa. Hilo aliliamini kama wengine wanavyoamini sala.

Na hakuwa mtu wa kupeleka maneno na kutoroka. Mwaka ukipita alirudi kwa wale aliowaunganisha, akakaa jikoni, akaomba chumvi kidogo. Hakuwa na haja ya chumvi. Aliangalia mke anainuka vipi kwenda kuichukua, mume anaangalia wapi, na kama chumvi ipo. Akiona mambo hayaendi, alianza upya, huku na huku, mpaka watu wale wazungumze. Kwa wengine alikuwa na subira ya kushona nguo kuukuu. Kwake alipofika alifunga mlango, na jirani hakusikia hata akikohoa.

Mimi nimo katika orodha ya kazi zake. Mume wangu ni mtu wa Isansa, kwao wanalima kahawa, na ujanani alikuja Tunduma kutafuta maisha, maisha yenyewe akayakuta bandani. Alizipenda zile picha. Chai yangu alikunywa mpaka nikaanza kulihofia tumbo lake. Krismasi moja, tulipotoka kanisani, watu wamejaa nje wanasalimiana, baba yangu amesimama na wazee wenzake, kijana yule akanifuata mbele yao wote, akanishika mkono, akapiga goti kwenye tope kama alivyoona kwenye picha.

Huku kwetu mwanamke hupiga goti akisalimia. Mwanaume anapiga goti kwa Mungu, au akiwa amefanya jambo. Baba aliliona goti, akaniangalia mimi, akaniangalia tumbo. Aligeuka akaenda nyumbani, na mimi nikapelekwa chumbani kwa shangazi kuulizwa maswali ambayo sitayaandika hapa. Yule kijana naye alibaki pale kwenye tope na suruali yake mpya, hajui amekosea nini, maana kwenye picha goti likipigwa watu hupiga makofi.

Mshenga alikuja jioni ile, akavunja kanuni yake ya Desemba. Alisimama uwanjani, akakohoa, akapewa kigoda. Akamwambia baba kwamba ametumwa na kijana wa Isansa kuja kuomba radhi kwa kuteleza mbele ya wazee. Tope la kanisani ni baya, alisema, hata mchungaji wiki iliyopita alishika ukuta. Kijana alikuwa anakwenda kusalimia kwa heshima, mguu ukamsaliti, akamshika binti mkono asianguke kabisa. Alieleza kuteleza kule hatua kwa hatua, mguu gani ulianza na goti gani lilifuata, mpaka baba, ambaye si mtu wa kucheka, akacheka. Posa ililetwa rasmi mwezi wa pili. Tangu mwaka ule, kila mwanaume wa kwenye picha alipopiga goti kwenye theluji, Mshenga alitafsiri: "Ameteleza."

Watu hunicheka wakisikia ndoa yangu ilianza kwa utelezi. Na mimi hucheka. Tumelea watoto, tumezika mmoja, tumelima, tumechoka pamoja, na mume wangu siku hizi akiangalia zile picha analala kabla hawajagongana.

Sasa habari ya mke wa Mshenga. Yule mama alikuwa mrefu, mpole wa maneno, Mnamwanga wa ng'ambo, na Kiswahili chake kilikuwa na Kibemba ndani yake kama wali wenye maharage. Tulimpenda. Mama yake alipofariki kule Nakonde, alivuka usiku uleule na jirani zake kwenda msibani. Mshenga alibaki. Alikuwa na posa ya watu Nanyala iliyokuwa imefika pagumu, na angeondoka ingekufa. Akamtafuta mzee mwenzake, mtu wa heshima kuliko yeye, akampa blanketi jipya na rambirambi, akamtuma aende akasimame kwa niaba yake kwenye maziko ya mama mkwe. Alifanya kwa moyo mweupe kabisa. Kwake yeye kumtuma mtu mzuri lilikuwa jambo kubwa kuliko kwenda mwenyewe.

Posa ya Nanyala ilikubaliwa. Matanga ya Nakonde yaliisha, waliovuka wakarudi, mke hakurudi. Mtaani wengine walisema amepata mwanaume, wengine walisema ni ndugu zake wanamzuia. Mshenga alisubiri palizi iishe, akasubiri mavuno, na ilipofika mkesha wa Krismasi alivaa koti, akachukua kitenge kipya na mchele, akavuka.

Alivuka kila mkesha wa Krismasi baada ya hapo. Siku hiyo banda lilikosa mkalimani na kila mtu alijua sababu. Waliomfuata kwa udadisi walituletea habari: anafika uwanjani kwa mke wake, anasimama, anakohoa. Anapewa kigoda, anakaa pembeni. Maji hanywi. Anasema maneno mazuri, maneno ya kazi yake, kwamba ametumwa na mtu mwenye nyumba iliyopoa, kwamba mtu huyo anaomba moto. Mke anamsikiliza mpaka mwisho, anamwambia asante, anaendelea kuchambua maharage. Jioni tulimwona anarudi, kitenge kwapani. Kitenge kimoja alinipa mimi, bado ninacho. Kesho yake mchana alikaa tena kando ya televisheni kututangazia kwamba dada wa mjini amerudi kwa seremala wake, kwa sauti ileile.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asibadilishe namna ya kusema. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema hayo ndiyo maneno bora aliyonayo, na yamejenga nyumba za watu wengi mpaka huku bondeni Momba.

Miaka ikaenda. Kanda zikafa, zikaja sahani za kung'aa, kila nyumba ikanunua televisheni yake na picha zikaja zikiwa zimeshatafsiriwa na vijana wa mjini wanaopiga kelele na kutukana. Banda likawa duka la simu. Vijana wakaanza kuposana kwa ujumbe wa simu na kuwajulisha wazazi mambo yakishaiva. Hakuna aliyemfukuza Mshenga. Ila hakuna aliyemwita. Alikaa barazani kwake akinywa chai yangu, miguu imeanza kuvimba, na aliyepita akimwamkia, alimjibu vizuri kisha akamuuliza kama nyumbani kuna chumvi.

Desemba moja, mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumapili, aliniita. Nilikuwa nimetoka shambani, mgongo unaniuma, sikutaka kuitwa na mtu. Akaniambia miguu haitamfikisha mwaka huu. Anataka kunituma mimi. Nikamwambia mwanamke hatumwi posa. Akasema hii si posa tena, na kwamba wazee ambao angeweza kuwatuma wengi wao wamekufa.

Nilivuka kesho yake. Mama yule alikuwa amezeeka vizuri, mgongo bado umenyooka. Alinikaribisha ndani, akanipa uji, akanisikiliza. Nilisema kama nilivyoagizwa, nyumba iliyopoa, moto, yote. Akacheka kicheko cha mtu aliyebeba mzigo mpaka mkono ukafa ganzi.

"Mwanangu, mimi maneno yake nayajua," alisema. "Ni matamu, mukwai," aliongeza kwa Kibemba chake cha heshima. "Kila mwaka anakuja hapa kama mgeni, maji yangu hanywi. Mama yangu alilala hapo kwenye mkeka watu wanauliza, mkwe yuko wapi? Nikawaonyesha mzee wa watu na blanketi. Posa unatuma mtu. Msiba hutumi mtu. Hilo yeye hajui?"

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia miaka yote hiyo. Akasema alikuwa anangoja kuona kama mtu anayejua nyumba za watu wote ataijua na ya kwake. Baadaye alichoka kungoja, akabaki na mazoea.

Nilirudi nikamwambia Mshenga neno kwa neno, sikupunguza. Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini taratibu.

"Nilimtuma mtu mwema," alisema.

"Ndiyo, baba. Lakini ulituma."

Nilidhani hakusikia, nikaaga.

Asubuhi ya Krismasi alikuwa mlangoni kwangu kabla sijawasha moto. Hakuvaa koti. Hakuwa na kitenge wala mchele. Alikuwa na jembe begani. Mume wangu aliuliza wali atapika nani, nikamwambia yeye, tukaondoka. Tulikwenda polepole sana. Kila baada ya maduka machache alisimama akashika ukuta, na watu waliovaa nguo za sikukuu walituangalia, mzee na jembe siku ya Krismasi, wengine wakidhani akili zimemtoka. Tulivuka pamoja na wanaokwenda kusalimia ndugu zao upande wa pili, mvua ikitunyeshea kidogo kidogo.

Tulipofika hakusimama uwanjani na hakukohoa. Alipita kando ya nyumba moja kwa moja mpaka nyuma, kwenye migomba, ambako kaburi la mama mkwe lilikuwa limefunikwa na majani. Akapiga magoti kwa tabu, goti moja kisha jingine, akaanza kupalilia. Alilima kama mtu aliyezoea, anang'oa magugu na kuyakung'uta udongo, anayarusha pembeni. Mke wake alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akasimama akamwangalia muda mrefu. Mimi nilikaa mbali, sikujua niende wapi.

"Mimi Tunduma sirudi," mama yule alisema mwishowe. "Ujue kabisa. Nimechoka kuhama."

Mshenga hakuinua kichwa.

"Sikuja kukuchukua," alisema. "Nimekuja msibani."

Mwiko ukamtoka mkononi. Alikwenda akakaa chini kwenye majani mabichi, kando ya kaburi, akafunga kanga kiunoni, na akatoa kilio. Si kilio cha uzee. Kilikuwa kilio kizima cha mtu aliyefiwa asubuhi ile, kikapita juu ya migomba na mabati ya jirani, na Mshenga naye akaweka jembe chini, akalia kwa sauti, akimwita mama, mama, kama mkwe anavyotakiwa kulia.

Majirani walianza kutoka majumbani na nguo zao za kanisani, wanawake wakijifunga vitenge wakikimbia, wanaume wakivua kofia. Mmoja alinikuta pale nimesimama akanishika bega, akaniuliza ni nani amefariki, na lini.

Nikamwambia ni mama wa mwenye nyumba, na kwamba mkwe amefika sasa hivi.

Akavua viatu, akaingia, akakaa chini na waliokuwa wanalia.